Draiva ya geti isiyomo kwenye maktaba: jinsi ya kuipatia LTspice modeli unayoweza kuiamini

Mtu anayechora saketi ya inveta ndani ya LTspice, programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta, kwa mara ya kwanza hupata karibu kila anachokihitaji: mosfeti, zile transista zinazotumika kama swichi, zimo za kila aina, dayodi zimo, kapasita na koili zimo. Akifika kwenye draiva ya geti, yaani chipu inayoendesha pini ya kuwashia na kuzimia mosfeti, na kuandika IR2110 kwenye kisanduku cha kutafutia, hapati kitu. Ndiyo draiva iliyoenea kuliko nyingi kwenye inveta zinazotengenezwa na kukarabatiwa katika karakana zetu, ikiwa ni pamoja na zile zinazojengwa juu ya bodi ndogo ya kuendeshea inveta iitwayo EGS002. Hapo wengi huchukua mojawapo ya njia mbili. Wapo wanaoiacha draiva kabisa na kuunga chanzo cha volteji cha kufikirika moja kwa moja kwenye geti la mosfeti, na wapo wanaochukua draiva yoyote iliyomo kwenye orodha, mathalani LTC4440, ambayo kwa hakika huendesha mosfeti ya juu peke yake. Njia zote mbili huleta mawimbi ya kupendeza kwenye skrini, na zote mbili huificha sehemu ileile ya saketi ambayo baadaye huunguza mosfeti mezani.

Ili kuelewa modeli, yaani maandishi yanayoieleza programu tabia ya kifaa, inatakiwa kubeba nini, ni lazima kwanza tuelewe draiva inafanya kazi gani. Geti la mosfeti kwa tabia yake ni kapasita: haliombi mkondo wa kudumu, linaomba chaji ijazwe upesi na itolewe upesi. Datashiti (hati ya vipimo ya mtengenezaji) ya mosfeti ya IRF540N inataja chaji ya geti isiyozidi nanokulombi 71. Pini ya maikrokontrola inayotoa miliampia 20 ingehitaji zaidi ya mikrosekunde 3.5 kulijaza geti hilo, na kwa muda huo mosfeti huwa katikati, haijawaka sawasawa wala haijazimika, huku ikigeuza umeme kuwa joto. IR2110, ambayo datashiti yake inahakikisha ampia 2 kwenye toleo, huimaliza kazi hiyo kwa takriban nanosekunde 36.

Hiyo ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi. Nusu ngumu iko kwa mosfeti ya juu ya daraja, yaani mpangilio wa inveta ambamo kila mguu una mosfeti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Sosi ya mosfeti hiyo haikai kwenye ethi; imeungwa kwenye nodi ya kati, ambayo hupanda hadi volteji kuu na kushuka tena hadi sifuri kila mzunguko. Kwa kuwa geti linahitaji kuwa volti 10 hadi 15 juu ya sosi, draiva inahitaji chanzo cha umeme kinachoelea, yaani kinachopanda na kushuka pamoja na nodi hiyo. IR2110 hukipata kupitia kapasita iliyo kati ya pini VB na VS, ile tunayoiita kapasita ya butistrapu. Nodi ya kati inaposhuka, kapasita hujazwa kupitia dayodi kutoka VCC, umeme unaoilisha draiva yenyewe. Nodi inapopanda, dayodi huzuia umeme usirudi, na kapasita hubaki peke yake ikilisha upande wa juu kwa akiba iliyonayo. Kila kitu kinachotumia akiba hiyo, hata kiwe kidogo namna gani, ni lazima kionekane kwenye modeli. Mengine yote katika makala hii yanarudi kwenye jambo hilo.

Kwa nini basi modeli haimo? Sababu ni ya umiliki, wala si ugumu wa kifaa. SPICE, mama wa programu hizi zote, ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa kazi ya Laurence Nagel na Donald Pederson, na ilitangazwa mwaka 1973. Kwa kuwa chuo kiliigawa bila masharti makali, kampuni nyingi ziliichukua na kila moja ikaipeleka upande wake. LTspice ilikuzwa ndani ya Linear Technology, ambayo tangu mwaka 2017 imo ndani ya Analog Devices, kwa hiyo maktaba yake imejaa vifaa vya kampuni hiyo. IR2110 ni ya International Rectifier, iliyonunuliwa na Infineon mwaka 2015. Hakuna kampuni inayolazimika kumwekea mshindani wake rafu dukani mwake, na mtumiaji ndiye anayebaki kuijaza pengo.

Hatua ya kwanza ni kutafuta faili la modeli kwa mtengenezaji mwenyewe, kwa maana mara nyingi lipo, ila limeandikwa kwa lahaja ya PSpice, programu nyingine ya ukoo wa SPICE. Neno lahaja nalitumia kwa makusudi: mtu wa Lamu na mtu wa Makunduchi wote wanasema Kiswahili, lakini yapo maneno ambayo mmoja akiyatamka mwingine atauliza maana. Faili likifunguliwa kwa kihariri cha maandishi na ukakuta mstari wa $CDNENCSTART ukifuatwa na herufi zisizosomeka, limefungwa kwa msimbo, na LTspice haitalisoma. Usipoteze siku yako hapo. Ukikuta maandishi yanayosomeka lakini yenye vifaa vinavyoanza na herufi U, ujue kwamba mwandishi alitumia milango ya kidijitali ya PSpice, ilhali katika LTspice herufi U ni ya kifaa kingine kabisa, waya wenye ukinzani na kapasitansi vilivyosambaa sawasawa. Milango hiyo itabidi iandikwe upya. Faili ambalo ndani yake mna rezista, kapasita, swichi, dayodi na vyanzo tegemezi peke yake kwa kawaida hupita bila matengenezo makubwa.

Kuna mtego mdogo ambao sichoki kuutaja kwa wanaoanza. Katika SPICE herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi, kwa hiyo 1M ni sehemu moja ya elfu, wala si milioni moja. Anayetaka omu milioni moja ni lazima aandike 1Meg. Rezista ya kuvuta iliyoandikwa 1M kati ya geti na sosi ni sawa na kipande cha waya, na programu haitatoa onyo lolote.

Faili likishapatikana, linahitaji alama ya kuchorea. Ndani ya LTspice unafungua faili, unaweka kielekezi kwenye mstari wa .subckt, ule unaotaja jina la modeli na pini zake, unabofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na programu hukutengenezea alama ya mstatili yenye pini zote. Inarahisisha kazi, na inaepusha kosa linalotokea pale mtu anapoichora alama kwa mkono: mpangilio wa pini. SPICE haijui majina ya pini zako. Inahesabu tu: pini ya kwanza kwenye alama inakwenda kwa jina la kwanza kwenye mstari wa .subckt, ya pili kwa la pili, na kuendelea. Namba za pini kwenye chipu halisi hazihusiki kabisa.

Kosa hilo lilinipotezea siku nzima. IR2110 ina pini iitwayo VSS na nyingine iitwayo VS. Tofauti ya majina ni herufi moja, lakini VSS ni ethi ya upande wa mantiki, inayotulia pale pale, na VS ni sosi ya mosfeti ya juu, ambayo datashiti inairuhusu kufika volti 500. Nilizipishana kwenye alama niliyoichora mwenyewe. Uigaji ulikwenda hadi mwisho bila kosa lolote, toleo la chini likapiga vizuri, toleo la juu likawaka mara moja na kunyamaza. Nilibadilisha kapasita, nikabadilisha dayodi, nikabadilisha mosfeti, na usiku ndipo nilipohesabu pini kwa kidole kwenye skrini. Tangu siku hiyo mimi huhesabu kwanza.

Pale ambapo faili la mtengenezaji halipo au halisomeki, unaandika modeli yako. Wengi huogopa hatua hii kwa kudhani kwamba wanatakiwa kuijenga upya chipu nzima, transista kwa transista. Hapana. Modeli ya tabia hueleza kile ambacho pini zinafanya, na datashiti imeshayataja yote yanayohitajika. Hii hapa ni nusu ya juu ya draiva inayofanana na IR2110, niliyoiandika kwa ajili ya LTspice (HIN ni ingizo la upande wa juu, VDD ni umeme wa upande wa mantiki, na HO ni toleo linalokwenda kwenye geti):

.subckt DRAIVAJUU HIN VDD VSS VB VS HO
B1 a 0 V=if(V(HIN,VSS)>0.6*V(VDD,VSS),1,0)
R1 a b 1k
C1 b 0 173p
V1 w 0 1
S1 w u VB VS PUNGUFU
R2 u 0 1k
B2 c 0 V=if(V(b)>0.5,1,0)*V(u)
R3 c g 1k
C3 g 0 5p
S2 VB HO g 0 VUTA
S3 HO VS 0 g SUKUMA
B3 VB VS I=125u*tanh(V(VB,VS))
.model PUNGUFU SW(Ron=1 Roff=1G Vt=8.4 Vh=0.2)
.model VUTA SW(Ron=7.5 Roff=100Meg Vt=0.5 Vh=-0.3)
.model SUKUMA SW(Ron=7.5 Roff=100Meg Vt=-0.5 Vh=-0.3)
.ends

Mstari wa B1 unasoma ingizo. Kizingiti chake hakikuwekwa kama namba isiyobadilika, bali kama asilimia 60 ya VDD, kwa sababu ndivyo chipu ilivyo: datashiti inahakikisha kwamba VDD ikiwa volti 15, ingizo litahesabiwa kuwa juu likifika volti 9.5. Fundi anayeunga VDD kwenye volti 15 kisha akaiendesha HIN kwa maikrokontrola ya volti 5 atashangaa draiva inakaa kimya. Modeli yenye kizingiti kisichobadilika cha volti 2.5 ingemwambia kwamba saketi yake ni nzima.

R1 na C1 huleta ucheleweshaji. Kapasita hufika nusu ya volteji baada ya takriban mara 0.69 ya zao la ukinzani na kapasitansi, kwa hiyo omu 1,000 na pikofaradi 173 hutoa nanosekunde 120, ambazo ndizo datashiti inazozitaja kwa kuwaka. Kuzima kwa chipu halisi ni nanosekunde 94, na modeli hii inazitumia 120 kwa pande zote mbili. Kwa anayepima muda wa kupishanisha mosfeti mbili, upungufu huo ni mkubwa na inafaa autengeneze, mathalani kwa dayodi na rezista ya pili sambamba na R1. Kwa anayechunguza butistrapu hauna madhara.

S1 ndiyo kifaa ninachokithamini kuliko vyote humu. IR2110 ina ulinzi dhidi ya volteji pungufu: upande wa juu hautakubali kuwaka mpaka volteji kati ya VB na VS ifike takriban 8.6, na ikishawaka hujizima volteji ikishuka chini ya 8.2. Pengo hilo la volti 0.4 lipo ili draiva isitetemeke ikiwa kwenye mpaka. Swichi ya LTspice inayo tabia hiyohiyo tayari, kwani huwaka kwenye jumla ya Vt na Vh na huzimika kwenye tofauti yao. Vt ya 8.4 na Vh ya 0.2 hutoa 8.6 na 8.2 barabara. Ulinzi ambao wengi huuacha kwa kudhani ni mgumu unatoshea kwenye mstari mmoja.

Toleo lenyewe ni swichi mbili, S2 inayolivuta geti kuelekea VB na S3 inayolirudisha VS. Hapa inabidi mwandishi wa modeli aamue, kwa sababu datashiti inatoa majibu mawili. Ukichukua ampia 2 kwa volti 15, ukinzani ni omu 7.5. Ukichukua muda wa kupanda, nanosekunde 25 kwa mzigo wa pikofaradi 1,000, ukaugawanya kwa 2.2 na kwa mzigo, unapata karibu omu 11.4. Muda wa kushuka wa nanosekunde 17 nao unakurudisha kwenye omu 7.7. Majibu hayapatani kwa kuwa toleo la chipu si rezista. Linakaribia zaidi chanzo cha mkondo wakati pengo la volteji ni kubwa. Mimi hutumia 7.5 kwa pande zote mbili ninapochunguza ugavi wa umeme, na huipandisha S2 hadi 11.4 ninapochunguza joto la mosfeti, maana kuukadiria muda wa kuwaka pungufu ni kujidanganya juu ya joto. Vh hasi kwenye modeli hizo mbili huifanya swichi ibadilike kwa ulaini badala ya kuruka, na R3 na C3 hufanya kazi hiyohiyo. Bila ulaini huo programu hukatisha uigaji kwa kulalamika kwamba hatua ya muda imekuwa ndogo mno.

Hata Roff ina maana yake. Mtu akiiweka omu milioni moja, volti 15 zitavujisha mikroampia 15 kutoka kwenye kapasita ya butistrapu, mkondo ambao chipu haina. Kwa upande mwingine, mstari wa B3 unaongeza mkondo ambao chipu inao kweli, mikroampia 125 inazotumia ikiwa imetulia, na tanh imewekwa ili mkondo huo ufe wenyewe volteji inapokuwa sifuri, kwani chanzo cha mkondo cha kawaida kingeivuta kapasita tupu hadi kwenye volteji hasi kabla saketi haijaanza.

Kabla ya kuiingiza modeli kwenye inveta, ipime peke yake. Unga pikofaradi 1,000 kwenye HO, isukume kwa mapigo, na ulinganishe ucheleweshaji na muda wa kushuka na datashiti. Halafu ipandishe volteji ya VB polepole kutoka sifuri hadi 15 na kuishusha, huku ingizo likiwa juu, uone kama inawaka kwenye 8.6 na kuzima kwenye 8.2. Mwisho inua VS hadi volti 400, VB ikifuata, na uhakikishe kwamba tofauti kati ya HO na VS haikubadilika hata kidogo. Kazi hii ni ya robo saa.

Sasa tuone inachotupa. Chipu ya EG8010 iliyo kwenye bodi ya EGS002, katika hali ya polariti moja, huendesha mguu mmoja wa daraja kwa masafa makubwa na mguu mwingine kwa masafa ya umeme wa nyumbani, yaani herzi 50. Mosfeti ya juu ya mguu huo wa pili hukaa imewaka milisekunde 10 mfululizo, na kwa muda wote huo kapasita yake ya butistrapu haijazwi. Tuseme mtu ameweka nanofaradi 100, thamani anayoiona kwenye michoro mingi ya masafa makubwa. VCC ni volti 15, dayodi inakula 0.7, zinabaki 14.3. Geti la IRF540N linachukua nanokulombi 71 na kuishusha kapasita hadi 13.6. Kisha mikroampia 125 zinaanza kunyonya, na baada ya takriban milisekunde 4.3 volteji inafika 8.2 na draiva inajizima, ikiwa bado katikati ya nusu mzunguko. Kwenye modeli hii tukio hilo linaonekana wazi: geti linaanguka ghafla. Kwa chanzo cha volteji cha kufikirika, au kwa modeli isiyo na S1 na B3, geti lingekaa juu milisekunde zote 10, na mchoro ungeonekana mzima.

Wengi wangeirekebisha kwa kuweka mikrofaradi 1, na hesabu ya draiva peke yake ingewaunga mkono, kwani volteji ingepungua kwa volti 1.3 tu. Lakini karibu kila fundi mwangalifu huweka rezista ya omu 10,000 kati ya geti na sosi ili mosfeti isijiwashe draiva inapokosa umeme. Rezista hiyo, kwa volti 14, inakula miliampia 1.4, zaidi ya mara kumi ya draiva yenyewe, na inaila kutoka kwenye kapasita ileile. Ukiiingiza kwenye uigaji, mikrofaradi 1 nayo inakata karibu na milisekunde 5, kana kwamba hukubadilisha kitu. Kwa mikrofaradi 22 volteji inapungua kwa takriban volti 0.7 kwa nusu mzunguko mzima, na mosfeti inabaki imewaka sawasawa. Dayodi ya butistrapu haimo ndani ya chipu wala ndani ya modeli, kwa hiyo usisahau kuichora mwenyewe.

Yako mambo ambayo modeli hii haiyajui. Haijui joto. Haijui kwamba chipu halisi inaweza kuchanganyikiwa au kufa VS inaposukumwa volti kadhaa chini ya COM (ethi ya upande wa nguvu) na induktansi ya nyaya ndefu. Haizuii mosfeti za juu na chini kuwaka pamoja, na katika hilo ni mwaminifu, maana IR2110 nayo haiweki muda wa mapumziko kati yao, tofauti na IR2104 ambayo huweka takriban nanosekunde 520. Mambo haya yaandike kama maelezo mwanzoni mwa faili lenyewe, kila mstari ukianza na nyota ili programu iuruke: ni datashiti gani uliyoitumia na ya toleo lipi, thamani zipi ni za kawaida na zipi ni za mwisho kabisa, nini umekiacha, na majaribio gani matatu faili limeyapita. Faili la modeli husafiri kutoka simu hadi simu likiwa peke yake, bila makala na bila aliyeliandika, na atakayelipokea mwakani hatakuwa na pengine pa kuuliza kwa nini Ron ni 7.5.